Thredi ina manyoya? Wacha kusingizia mashini

Nshachoka na haya maneno wallahi. Mtu analeta shafti ya mashua, thredi (ile mifereji ya skrubu) zimechanika zina manyoya kama zimeng'atwa na panya, ukimuuliza anakwambia "lethi yetu (mashini ya kuzungusha na kukata chuma) imezeeka, lidiskrubu (skrubu ndefu inayoivuta tuli) imeliwa." Wiki hii tena, kijana wa karakana moja huko Changamwe, tuli, yaani kisu cha kukatia, hata hajaitoa akaiangalia, ashahukumu mashini.

Skizeni. Pleyi (kulegea) ya lidiskrubu haichani thredi. Ukikata, keriji (inayobeba tuli) inavutwa upande mmoja tu toka mwanzo mpaka mwisho, kwa hivyo pleyi yote inalalia upande huo huo kila pasi, bora tu utoe tuli nje kabla hujarudi nyuma. Ikiwa imelika sana pahali pamoja, pale karibu na chaki (inayoshika kazi, yaani chuma unachokata) ambapo kila mtu hukatia, pichi (umbali wa thredi moja hadi nyingine) yaweza kupotoka kidogo na nati ndefu ikabana, hilo nakubali. Lakini manyoya? Hapana.

Hebu ipeleke hiyo thredi kwenye mwangaza uangalie kuta zake. Imechanika moja ama zote mbili? Ikiwa ni moja, ile ya upande wa chaki, na unakata thredi ya kulia (nati inakaza ukizungusha kulia) kuelekea chaki, basi ubavu wa tuli unasugua. Watu wananoa tuli pande zote sawasawa, geji ya digrii 60 (kipimo cha umbo la ncha) inakaa vizuri, wanafurahi, wanasahau kwamba thredi inapanda huku inazunguka. M20 (thredi ya kipenyo cha milimita 20) ya pichi 2.5 inalala kama digrii 2 na nusu hivi, na ubavu unaotangulia unataka hizo juu ya kliarensi yake ya kawaida (ule mwinamo wa kuzuia ubavu usisugue). Usipoupa, tuli inakata kwa ncha na inasukuma kwa tumbo, na geji haitakuonyesha hilo hata siku moja kwa sababu inapima umbo kutoka juu tu.

Zote mbili zikichanika: tuli butu, ama chuma kimegandia kwenye ncha, ama mafuta hakuna (oili chafu ya injini sio mafuta ya kukatia, tafadhali). Na tuli ya kabaidi usiiendeshe polepole kama ya HSS (chuma cha tuli unachonoa mwenyewe), kwenye maildi stili, chuma laini cha kawaida, ndio inazidi kurarua. Unaogopa ukienda kasi utagonga bega, pale shafti inaponenepa? Sawa, noa HSS utulie. Senta nayo, yaani ncha iwe sawa na kimo cha katikati ya kazi, ni rahisi, bana rula nyembamba kati ya ncha na kazi, ikisimama wima uko senta, ikilala rekebisha.

Sasa stenlesi, ambayo ndio shafti nyingi za mashua hapa kwetu. Kuna ule mchezo wa kupitisha tuli mara tano bila kuongeza kina ati "inaisafisha". Yakhe, stenlesi ukiisugua inakuwa ngumu! Pasi inayofuata tuli inateleza juu, halafu ghafla inazama na kung'oa. Hata pasi ya mwisho iachie kitu cha kukata, mi sishuki chini ya milimita 0.05.

Ile ya kulaza kompaundi (slaidi ndogo ya juu inayoshika tuli) digrii 29 na nusu ili tuli iingie kwa mshazari, vitabu vinaiandika kama sheria. Pichi ya 1.5 kushuka mi naingiza moja kwa moja kwa krosislaidi (slaidi inayoingia wima kwa kazi) na sijaona tofauti. Pichi ya 3 kupanda naiona, tena naisikia, mashini inalia. Hapo katikati bado nabishana na nafsi yangu, kuna chuma kinakubali na kuna chuma kinakataa, na vyote vimeandikwa jina moja dukani.

Kosa la mashini likiwepo kweli huja na mawimbi, alama zinazojirudia kwenye kuta zote. Hapo kaza gibu (vibamba vya kuondoa kulegea kwa slaidi), fupisha tuli isitokeze sana, shika kazi kwa telistoki (nguzo ya kushikilia ncha ya pili). Ukifanya yote hayo na mawimbi bado yapo, haya, njoo tufungue beringi za spindo, mhimili unaoizungusha chaki.