Rangi nyekundu haifungi shule

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wazazi huko California unadai kuwa shule ya sekondari ikipata rangi nyekundu, yaani ya chini kabisa, kwenye California School Dashboard, ripoti ya mtandaoni ya jimbo inayopima shule kwa rangi, itafungwa au itakatwa fedha. Si kweli. Fedha hukokotolewa hasa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, pamoja na nyongeza kwa wanafunzi wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza na walio katika malezi ya muda. Rangi haimo kwenye hesabu hiyo. Nyekundu huitaka wilaya ya elimu iandike hatua za kurekebisha katika mpango wake wa miaka 3, unaohuishwa kila mwaka na kupitishwa kufikia Julai 1, baada ya kikao cha wazi ambapo mzazi anaweza kuhoji.

Kinachochanganya ni kwamba rangi nyingi huunganisha mambo mawili: hali ya mwaka huo na mabadiliko tangu mwaka uliotangulia. Ndiyo maana shule mbili zenye alama sawa zinaweza kupata rangi tofauti. Kwenye ripoti hiyo, bofya kila kipimo usome yote mawili. Kwenye kipimo cha wanafunzi kusimamishwa masomo, asilimia ndogo ndiyo nzuri. Na ukiletewa picha ya rangi tupu bila takwimu, tafadhali usiisambaze.