Wingi wa nyaya si mtandao

Kwenye maonyesho ya sanaa Kampala nilisimama mbele ya sinthesaiza ndogondogo 40 zilizotundikwa ukutani, nyaya zake zote zikitoka kwenye kompyuta moja. Kijana aliyetuongoza akasema, "Huu ni mtandao wa sauti." Mzee mmoja akamuuliza kama ni MTN au Airtel. Si mara ya kwanza kusikia neno hili likivutwa huku na huku, kwa hiyo naandika.

Sinthesaiza ni chombo kinachounda sauti kwa umeme, kiwe na vibonye vya kinanda au kisiwe navyo. Zikiwa nyingi, huwa mtandao pale sauti au ishara inayotoka katika moja inapobadilisha kile inachofanya nyingine.

Neno lenyewe linatuelekeza huko. Mtandao ni ndugu wa kutanda: mawingu hutanda, na buibui hutanda utando wake. Lakini utando si nyuzi nyingi tu. Gusa uzi mmoja, na buibui aliye upande wa pili anajua. Fundi wa kufuma naye ana mtande, zile nyuzi za urefu, ambazo bila mshindio wa kuzipitia hazijawa kitambaa. Intaneti imelichukua neno juzi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko California, kundi la League of Automatic Music Composers liliunganisha kompyuta ndogo za KIM-1 kwa nyaya, kila moja ikipokea data za mwenzake na kugeuza muziki wake. Hapakuwa na intaneti, na ulikuwa mtandao kamili.

Watu hunijibu kwamba vyombo vikipiga kwa mapigo mamoja, vimeungana. Hapana. Saa ya MIDI, lugha ya ishara ambayo vyombo vya muziki vya umeme huunganishwa nayo, hutuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo, na vyombo vyote hutembea pamoja, lakini hakuna anayemjibu mwenzake. Wanaamriwa.

Sisi wa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12 na wapigaji watatu. Omunazi huanza, na omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya omunazi. Wa tatu, omukoonezi, hana wimbo wake: hufuata zile sauti mbili za chini kabisa popote zinapotokea kwa wenzake, akazirudia juu kwenye mbao zake mbili. Wakibadili wimbo, naye kabadilika. Msikilizaji anasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake.

Kazi ile ya ukutani ilikuwa nzuri, nami nilikaa nayo karibu saa nzima. Ningeomba tu iitwe kundi la sinthesaiza. Siku mwenyewe atakapotoa waya kwenye kisanduku cha kwanza akauingiza cha pili, cha pili kikaingia cha tatu, na cha mwisho kikarudi cha kwanza, nitakuja tena, na neno mtandao nitalitamka mimi mwenyewe.