Mandolini ya Harmony ya bei rahisi: isome shingo kabla ya kununua nyuzi

Wiki iliyopita nililetewa mandolini, ala ndogo ya nyuzi ya jamii ya gitaa, iliyokaa darini miaka mingi. Kichwani haina jina. Mwenye nayo aliniuliza imetengenezwa na nani, kisha akauliza kama inafaa kukarabatiwa. Karibu kila mteja huanza na jina. Mimi huanza na lile swali la pili, kwa sababu jibu lake liko shingoni, na shingo ikiwa mbovu jina halisaidii kitu.

Nikachukua rula ndefu ya chuma, nikailaza juu ya freti, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, na kuisogeza mpaka ikagusa daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya ubao wa mbele. Ncha ya rula inatakiwa ifike karibu na sehemu ya juu ya daraja. Ikigonga katikati au chini zaidi, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Mandolini ina nyuzi nane, mbili-mbili, zinazopangwa sauti kama za fidla: sol, re, la, mi. Hata seti nyepesi huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Kifaa chembamba kikibebeshwa mzigo huo miaka sitini bila kupumzishwa, si ajabu kikisalimu amri.

Hii ilikuwa salama. Basi nikaanza kulitafuta jina.

Nilitumia tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno, nikachungulia kupitia tundu la sauti. Mgongoni kwa ndani kulikuwa na mhuri wa wino uliofifia: S-61. Hiyo ndiyo desturi ya Harmony, kampuni ya ala za muziki ya Chicago: herufi F au S kisha tarakimu mbili za mwaka. Juu ya maana ya herufi watu hubishana. Mimi huushika mwaka tu. Nyuma ya kichwa kulikuwa pia na maandishi ya Kiingereza yanayosema shingo imeimarishwa kwa chuma. Yasikudanganye ukatafute skrubu ya kuinyoosha, maana chuma hicho kimefukiwa humo na hakirekebishiki.

Harmony ilianzishwa mwaka 1892. Mwaka 1916 ilinunuliwa na Sears, kampuni iliyouza bidhaa kwa katalogi na kuzituma kwa posta mpaka mashambani, na ikabaki mikononi mwake hadi 1940. Ndiyo maana kazi nyingi za Harmony zina jina la Silvertone, ambalo ni la Sears. Kiwanda kilifungwa katikati ya miaka ya 1970. Zilikuwa ala za watu wa kipato kidogo, na hapa Marekani ninakofanyia kazi bado utazikuta kwenye maduka ya mitumba. Mimi nazipenda kwa dhati. Nyingi zimeungwa kwa gundi ya ngozi, inayotokana na ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi anaweza kuzifungua bila kuvunja mbao.

Ubaya ni pale mtu anapozitia epoksi, gundi kali ya kemikali. Zamani niliwahi kupokea moja ambayo kiungo cha shingo kilijazwa epoksi hadi kikafurika. Shingo hukaa kwa ulimi uliopanuka mwishoni, uliochomekwa kwenye tundu la umbo lilelile. Kwa kawaida ningeng'oa freti moja juu ya kiungo, nikatoboa tundu dogo, nikapuliza mvuke, na shingo ingetoka. Ile ya epoksi haikutoka ila kwa kukatwa. Tafadhali, kama hujui gundi iliyomo, usiongeze ya kwako.

Ya wiki iliyopita ilikuwa na ufa mmoja kwenye ubao wa mbele na ubao mmoja wa ndani ulioachia. Nilivibana vyote kwa gundi ya ngozi na kuviacha usiku kucha. Vifungio vya kukazia nyuzi vilikuwa na vishikio vya plastiki vilivyopukutika. Kabla ya kuagiza vipya pima umbali kati ya tundu na tundu. Vya siku hizi huwa karibu milimita 23, na vya zamani havilingani navyo kila mara.

Kazi iliyobadilisha sauti kuliko zote ilikuwa daraja. Halijagundishwa, linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na miguu yake ilikuwa inagusa ubao kwenye ncha peke yake. Nililaza msasa juu ya ubao, upande mkali ukitazama juu, nikalisugua daraja palepale litakapokaa mpaka miguu ikalala bila mwanga kupita. Mafundi wengi hulipita jambo hili, na ndilo linaloamua kama mtetemo wa nyuzi utafika kwenye mbao.

Kisha nikalipanga: umbali kutoka mwanzo wa ubao wa vidole hadi freti ya 12 ulingane na ule wa kutoka freti ya 12 hadi daraja. Upande wa nyuzi nene daraja hurudi nyuma kidogo. Nikavalisha seti nyepesi, inayoanzia na uzi wa inchi 0.010, na kuzikaza kidogo kidogo kwa siku mbili. Asubuhi ya tatu nilipima tena kwa rula. Shingo haikuwa imesogea, na nyuzi zilikuwa milimita moja na nusu juu ya freti ya 12.