Pembetatu ya kusikilizia: maana yake na namna ya kuipanga sebuleni

Pembetatu ya kusikilizia ni mpangilio wa vitu vitatu ndani ya chumba: spika ya kushoto, spika ya kulia na kichwa cha msikilizaji. Umbali wa spika hadi spika unalingana, au unakaribia kulingana, na umbali wa kutoka kila spika hadi kichwani. Spika zikiachana mita 2, nawe unakaa mita 2 kutoka kila moja. Studio za kurekodia muziki nazo huupenda mpangilio huo: mtu akitazama mbele, spika moja iko nyuzi 30 kushoto kwake na nyingine nyuzi 30 kulia. Ni jambo dogo kulieleza, lakini asiyejua sababu yake hazirudishi spika mahali pake zikishasogezwa.

Sababu iko masikioni. Kati ya sikio na sikio kuna sentimita kumi na kitu. Sauti ikitoka kushoto, inafika sikio la kushoto kwanza, tena ikiwa na nguvu zaidi kidogo. Kuchelewa kwa sikio la pili hakuzidi milisekunde moja, na bado ubongo unaitumia tofauti hiyo kukuambia pikipiki inapita upande gani wa nyumba. Stirio, yaani sauti ya spika mbili, inautega ubongo hapo hapo. Spika mbili zikitoa sauti ile ile, kwa nguvu ile ile na kwa wakati ule ule, husikii watu wawili wakiimba kwa pamoja. Unasikia mwimbaji mmoja, naye yuko katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Fundi mitambo akiliongeza gitaa la solo kidogo upande wa kushoto, gitaa linasogea kushoto kwa mwimbaji. Ngoma, besi na kinanda hupangwa vivyo hivyo, mpaka mbele yako panakuwa na jukwaa zima.

Mtu anayetajwa sana katika habari hii ni Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, kampuni ya kurekodi muziki. Inasimuliwa kwamba akiwa sinemani na mkewe alikerwa kuona mwigizaji anatembea upande huu wa skrini huku sauti yake ikitokea pengine kabisa. Mwezi Desemba 1931 aliomba hataza ya mfumo wake wa sauti ya njia mbili, na mwaka 1934 akafanya majaribio ya kurekodi katika studio za Abbey Road, London. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege, wakati wa majaribio ya rada ya kijeshi. Santuri za stirio zilikuja kuenea madukani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa turudi sebuleni, maana mtego huu unaharibika upesi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Tofauti ya milisekunde moja kati ya spika mbili inatosha kumhamisha mwimbaji kutoka katikati na kumbandika kwenye spika iliyo karibu. Chukua kochi la watu watatu lililo kwenye ncha ya pembetatu ya mita 2. Aliyekaa katikati anasikia jukwaa lote. Akisogea sentimita 30 kulia, njia ya kutoka spika ya kushoto inakuwa ndefu kwa sentimita 30 hivi kuliko ya kulia, na mwimbaji keshamfuata kulia. Aliyekaa mwisho wa kochi anaona kama spika moja ndiyo inayofanya kazi. Wengi hudhani spika imekufa, wanaongeza sauti au wanazungusha kitufe cha balansi, kumbe spika ni nzima na kosa ni la kiti.

Pembetatu basi inakuhakikishia usawa wa njia mbili. Usawa huo una uzito kuliko ukubwa wa pembetatu yenyewe: chumba kidogo kinaweza kuwa na pembetatu ya mita moja na nusu, na bado jukwaa likasimama. Ila zisibanwe sana. Spika mbili zilizokumbatia televisheni, sentimita 70 kati yake, huku wasikilizaji wako mita 4, zinatoa sauti kana kwamba ni spika moja pana. Zikiachana kupita kiasi, katikati panapwaya na mwimbaji anakosa pa kusimama.

Urefu kutoka sakafuni nao una lake. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kwa makochi mengi kama sentimita 90 hadi mita moja. Spika zilizopandishwa juu ya kabati karibu na dari zinafaa kuwatangazia wageni wa sherehe, hazifai kusikiliza. Kama hakuna stendi, stuli mbili zinazolingana zinatosha. Spika zigeuze kidogo zikuelekee. Mkiwa wengi kwenye kochi, zigeuze zaidi, hadi mielekeo yake ikutane mbele yenu. Aliyekaa kulia atatazamwa uso kwa uso na spika ya kushoto, imfikie kwa nguvu zaidi, na ule ukaribu wa spika ya kulia upungue makali.

Ukuta ni habari nyingine, na hapa ndipo nyumba zetu za matofali na saruji zinapoleta ubishi. Sauti nzito, yaani besi, haiendi mbele tu; inazunguka kisanduku pande zote. Spika ikigusana na ukuta, besi inaweza kuongezeka hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ikiingia kona, inaongezeka tena. Baadhi ya watu wanaipenda ngurumo hiyo, na sherehe ni yao, lakini gitaa la besi linageuka mvumo mmoja ambao noti zake hazitofautiki. Kuvuta mbele nako kuna hesabu yake. Uso wa spika ukiwa sentimita 85 kutoka ukutani, wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, linalokwenda nyuma na kurudi linachelewa nusu wimbi, likikutana na lile linalotoka moja kwa moja yanapunguzana, na noti za hapo zinanyauka. Anza na sentimita 30 hadi 40, sikiliza, kisha songeza kidogo kidogo. Umbali wa ukuta wa nyuma usilingane na ule wa ukuta wa pembeni, la sivyo noti zile zile zitaathirika mara mbili.

Kochi nalo lina sehemu yake. Chumba cha urefu wa mita 4 kina mvumo wake wa asili wa karibu hezi 43: besi hiyo inajaa kwenye kuta na inapotea katikati kabisa ya chumba. Kochi lililoegemezwa ukutani, kama yalivyo mengi, linakalia palipojaa. Livute mbele hata nusu mita, utasikia tofauti kuliko ambayo ungeipata kwa kununua waya wa bei mbaya.

Sakafu ya marumaru na madirisha mapana hurudisha sauti nyembamba, nayo inakufikia ikiwa imechelewa na kulitia jukwaa ukungu. Zulia kati yako na spika linasaidia, mapazia mazito pia. Mahali pa kuweka pazia panapimwa kwa kioo cha kujitazamia. Kaa kwenye kiti chako, mwenzio akitembeze kioo ukutani pembeni. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti yake inapodundia.

Wenye seti za sabufa na spika mbili ndogo wanaambiwa sabufa iwekwe popote. Ni kweli kwa sabufa inayoishia hezi 80 hivi, kwa kuwa sikio halitambui vyema upande wa besi ya chini hivyo. Seti nyingi za bei nafuu, ambazo spika zake ndogo haziwezi besi, huipa sabufa kazi ya juu zaidi ya hapo, hata sauti nzito ya mwanamume ikawa inasikika chini ya meza. Sabufa ya namna hiyo iweke mbele, kati ya spika mbili, mbali na kona.

Kabla ya kuanza kusogeza, kagua waya: wekundu kwa wekundu na weusi kwa weusi, kwenye amplifaya na kwenye spika zote mbili. Waya za spika moja zikigeuzwa, hiyo inavuta wakati mwenzake inasukuma. Besi inakauka na mwimbaji anasikika kama yuko pande zote na hayuko popote. Kisha weka taarifa ya habari. Sauti ya msomaji mmoja inafaa kupimia kuliko muziki wowote, kwa kuwa kwa kawaida inatoka sawasawa kwenye spika zote mbili. Kaa kwenye ncha ya pembetatu, fumba macho, nyoosha kidole kule unakoona anaongelea. Kidole kikielekea kushoto, irudishe spika ya kushoto nyuma sentimita chache, urudie. Kikisimama katikati, bandika vipande vya selotepu sakafuni kwenye miguu ya stendi, kwa sababu siku ya kudeki zitasogezwa.