«Msee» si «mzee» aliyekosewa adabu

Wengi jijini Nairobi huamini kwamba kila neno lina maana moja ya asili, na kwamba vijana wa Sheng, lugha ya mitaani ya Kenya, ndio wanaoiharibu. Nyanya aliyekaa ndani ya matatu, yaani gari la abiria, kwenye Barabara ya Jogoo humsikia makanga (kondakta) akiita, «Wasee, songeni nyuma!», akadhani wazee wanaamrishwa kama watoto. Kijana hakuwa akizungumzia umri hata kidogo. Kinywani mwake neno «mzee» limegeuka «msee» na kupanuka hadi kumaanisha mtu yeyote, ilhali akitaka kumheshimu baba wa rafiki yake bado analo «mzee» lilelile.

Mabadiliko ya namna hiyo yalikuwapo kabla ya Sheng. Leso, ambayo huenda nyanya huyo amejifunga kiunoni, ilitokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, likahamia kwenye nguo nzima baada ya vitambaa hivyo kushonwa pamoja huko Pwani. Hata matatu yenyewe ilipewa jina kwa nauli ya sarafu tatu za senti 10. Nauli ilipopanda, jina lilibaki, na vijana wakaligeuza kuwa «mathree», ujanja ambao mimi binafsi naupenda. Tofauti iliyopo ni ya kasi tu: Sheng hubadilika upesi kwa sababu neno likishazoewa na wazazi, vijana hutafuta jingine.