Kuzaliwa kambini si kupata uraia

Kule Kaliua na Urambo utamsikia mtu akisema kwa uhakika kuhusu mtoto wa mkimbizi: "Huyu Mtanzania bwana, si kazaliwa hapa hapa Ulyankulu?" Kazaliwa, sawa. Analima tumbaku kama jirani yake Mnyamwezi. Lakini kwa familia za wakimbizi, kuzaliwa hapa au kukaa miaka mingi hakukutosha.

Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambako sasa ni Katavi. Mwaka 2007 serikali ikawapa hiari: kurudi kwao au kuomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, wakiwemo wengi waliozaliwa Tanzania. Hata hao waliozaliwa hapa ilibidi waombe, sawa na wazee wao, na kuukana uraia wa Burundi. Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa mwaka 2014. Katikati hapo watu walikaa roho juu, na sishangai.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine ana watoto, na bado anahesabiwa mkimbizi. Cheti chake cha kuzaliwa kinaonyesha alizaliwa wapi na wazazi ni nani, basi. Akitaka kutoka kambini kwenda Kigoma mjini, anahitaji kibali. Hifadhi ya ukimbizi inamkinga asirudishwe kwenye hatari. Uraia huombwa kando, na mwenye kauli ya mwisho ni serikali.