Tairi pana halinasi? Yanayosemwa gereji na yanayotokea porini

Masika ikikaribia, gereji za Arusha hujaa mjadala uleule: tubaki na 7.50R16, yale membamba ya Land Cruiser, au tuvae mapana? Mwenye kampuni anataka gari lionekane la kazi, dereva anataka kufika kambini kabla ya giza, na muuza matairi anataka kuuza. Katikati ya hao watatu kuna maneno yaliyorudiwa mpaka yamekuwa kama sheria. Nitachukua yale yanayowagharimu watu pesa.

“Pana halizami, kwa sababu linakanyaga eneo kubwa”

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Eneo la tairi linalogusa ardhi huamuliwa zaidi na vitu viwili: uzito ulio juu ya tairi na upepo ulio ndani yake. Chukua Land Cruiser ya tani 3 ikiwa imejaa wageni, mabegi na maji ya kunywa. Tuseme uzito umegawanyika sawa, ingawa kwa kawaida nyuma huwa pazito zaidi. Kila tairi limebeba kilo 750. Upepo wa PSI 40, yaani namba unayoisoma kwenye geji ya upepo, ni sawa na kilo 2.8 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukigawanya, unapata kwamba kila tairi litakanyaga sentimita za mraba 270 hivi. Angalia hesabu hiyo vizuri: upana wa tairi haumo. Vaa jembamba, vaa pana, kwa upepo uleule na mzigo uleule eneo litakuwa karibu sawa, na ugumu wa ubavu utaongeza au kupunguza kidogo tu.

Kinachobadilika ni umbo. Jembamba huacha unyayo mrefu unaofuata mwelekeo wa gari, na pana huacha unyayo mfupi uliokaa kimapana.

Sasa shusha upepo hadi PSI 20. Eneo linafika sentimita za mraba 535 hivi. Umelizidisha mara mbili bila kununua kitu, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imekwenda kwenye urefu wa unyayo.

Je, pana halina faida kabisa? Linayo, ila si ile inayotajwa dukani. Ndani yake mna nafasi kubwa ya upepo, kwa hiyo linaweza kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo zaidi bila ubavu kuumia. Faida hiyo unaipata ukishuka garini na geji mkononi. Aliyenunua mapana, akayajaza PSI 40 pale mjini na kuyaendesha hivyo hivyo mpaka Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, amenunua sura ya gari.

Umbo la unyayo nalo si jambo dogo. Mhandisi Mieczysław Bekker, mzaliwa wa Poland aliyekuja kushiriki kubuni gari lililoendeshwa mwezini kwa mara ya kwanza mwaka 1971, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi gurudumu na udongo laini vinavyoshindana. Moja ya mambo yaliyojitokeza katika kazi hiyo ni kwamba kwa eneo lilelile, unyayo mrefu na mwembamba hukutana na ukinzani mdogo kuliko mfupi na mpana. Sababu yake inaeleweka. Gurudumu hula nguvu ya injini kwa kukandamiza udongo ulio mbele yake, na jembamba lina ukanda mdogo wa kukandamiza. Ndiyo maana utaona gari lenye mapana yaliyojazwa upepo likisukuma kilima cha udongo mbele ya kila tairi huku injini inalia.

“Matope ni matope”

Hapa ndipo watu wa Arusha wangepaswa kuwa walimu wa wengine, maana safari moja inaweza kukupitisha kwenye matope ya tabia mbili tofauti.

Uwanda wa nyasi fupi kusini mwa Serengeti umefunikwa na majivu ya volkano yaliyotoka nyanda za juu za Ngorongoro, na chini yake, si mbali, kuna tabaka gumu. Mvua ikinyesha, juu panakuwa uji, chini panabaki pagumu. Hapo jembamba ni mfalme: linakata uji, linagusa tabaka gumu, linashika. Pana hujaribu kukaa juu ya ule uji na kuanza kuteleza kiubavu, dereva anageuza usukani na gari linaendelea kwenda linakotaka lenyewe.

Nenda sasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukilowa. Upo Tarangire, upo magharibi mwa Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Mwanzo wa mvua juu panateleza na chini pakavu, na jembamba bado linapita. Mvua ikishakaa wiki kadhaa, chini hakuna tena cha kushika. Jembamba lenye PSI 40 linakata, linakata, mpaka difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, inakaa kwenye matope, na hapo mzunguko wa matairi hauna maana tena. Mahali kama hapo kuelea ndiko kunakosaidia, yaani upepo kidogo, na kama una mapana, basi ndiyo siku yake.

Namna ya kujua upo wapi ni kushuka. Dereva mzoefu huchukua fimbo au mpini wa koleo, anauchomeka kwenye njia ya tairi. Ukigota baada ya kina cha vidole vinne hivi, anarudi garini, anaingiza fowili ili matairi yote manne yavute, na kupita taratibu bila kusimama. Ukizama mpaka katikati bila kugota, anatafuta njia nyingine, au anaanza kutoa upepo kabla ya kuingia. Abiria hulalamika kwamba anachelewesha. Waache walalamike.

Kitu kingine ambacho huzungumzwa kidogo ni kashata zenyewe, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga ardhi. Udongo mweusi unanata. Tairi lenye kashata zilizobanana hujaa udongo kwa mizunguko michache na kuwa kipara, hata kama limetoka dukani jana. Kwenye matope ya namna hii, kashata zilizoachana vizuri kwenye tairi jembamba zitakupitisha mahali ambapo pana lenye kashata za lami litakulaza.

“Mchangani lazima mapana”

Dhana hii ina ukweli ndani yake, lakini umekaa vibaya. Udongo wa mfinyanzi hushikamana wenyewe, kwa hiyo ukiongeza eneo la kukanyaga unapata mshiko zaidi moja kwa moja. Mchanga mkavu haushikamani. Mshiko wake unatokana zaidi na uzito unaougandamiza, na kuongeza eneo peke yake hakukupi mshiko mwingi. Kinachokupa nafuu mchangani ni kutozama, na kutozama kunatokana na upepo mdogo.

Kwa hiyo kwenye korongo kavu lenye mchanga, au majivu mepesi ya njia ya kwenda Ziwa Natron, jembamba la PSI 18 hadi 20 litalipita kwa urahisi gari lenye pana la PSI 40. Wote wawili wakishusha upepo, mwenye pana atakuwa na nafuu kwa sababu anaweza kushusha zaidi bila ubavu kuumia, hilo sikatai. Wale wa Aislandi wanaoonekana kwenye video wakipita juu ya theluji na matairi ya inchi 38 hadi 44, siri yao nayo ni PSI chache mno, na wanatembea juu ya kitu ambacho chini yake hakuna sehemu ngumu ya kutafuta. Kuiga ukubwa wa matairi yao huku umeacha upepo wao ni kuchukua nusu ya jambo.

“Mapana yanainua gari”

Ubavuni mwa tairi kuna namba, na namba hizo hazidanganyi: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Chukua 235/85R16 na 265/75R16. La kwanza lina kimo cha milimita 806 hivi, la pili 804. Upana umetofautiana kwa milimita 30, kimo ni kilekile. Sasa chukua 265/70R16, saizi inayopatikana kwa wingi kwa sababu Prado nyingi huivaa. Kimo chake ni milimita 777. Anayetoka kwenye 235/85 na kuvaa hilo ameishusha difu yake kwa milimita 14, amelipa pesa, na akiliangalia gari kwa mbele anaamini limepanda. Sipitii hesabu ya rimu kwa urefu, ila ujue kwamba rimu nyembamba ya inchi 5.5 au 6 ya Land Cruiser ya kazi haivai 265. Unanunua rimu pia. Zikiwa zimetokeza sana nje, beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikuumbiwa, usukani unakuwa mzito, na ukikata kona kali tairi linalamba fenda.

“Jembamba halibebi mzigo”

Soma namba ya uzito ubavuni. Tairi la 235/85R16 lenye namba 120 linabeba hadi kilo 1,400. Lenye 112, hata likiwa pana kiasi gani, linaishia kilo 1,120. Upana hauna sauti hapo. Jembamba linahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo mkubwa, na ndiyo maana likiwa limejazwa linarusha abiria kwenye barabara ya vimatuta. Kipande kile cha kutoka geti la Loduare la Ngorongoro, lami inapoishia, mpaka Naabi, geti la Serengeti, kimewafanya wengi waamini kwamba membamba ni magumu kwa asili. Punguza upepo kwa kama robo, punguza na mwendo, halafu useme tena.

“Wazee walivaa membamba kwa kukosa mengine”

Wazee walivaa 7.50R16 kwa sababu ukipata pancha kilomita 60 kutoka kwa fundi yeyote, unafungua rimu yenye pete kwa nyundo na pao mbili za chuma, unatoa tyubu, unabandika kiraka, unajaza kwa pampu na kuondoka. Pana la tyubulesi, lisilo na tyubu ndani, nalo lina raha yake: mwiba wa mgunga ukilitoboa unaziba kwa uzi wa mpira bila hata kulivua. Ila likichomoka kwenye rimu yake porini, bila kompresa nzuri utalala hapo. Tyubu nayo ina kasoro ambayo wanaosifia ya zamani huiruka: ukishusha upepo kupita kiasi, tairi huteleza juu ya rimu, linavuta tyubu na kung’oa valvu.

Na kuna kundi lingine, la madereva wanaowacheka wenye mapana kwamba ni magari ya kutembelea mjini. Nao wamekosea. Kwenye lami kavu pana hutulia kwenye kona kuliko jembamba refu, na kwenye mawe, likiwa na upepo mdogo, linajikunja na kushika vizuri. Mambo hubadilika mvua ikinyesha: kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, maji yakitanda juu ya lami, pana ndilo linaloanza kuelea kwanza ukiwa na mwendo.

“Kutoa upepo kunaua tairi”

Kinachoua tairi ni kutoa upepo halafu ukakimbia. Ubavu unajikunja, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, na siku linapopasuka barabarani unamlaumu muuzaji. Ukiwa chini ya PSI 20 na mzigo kamili, baki chini ya kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kata kona taratibu, na jihadhari na mawe yenye ncha kwa sababu ubavu umetokeza nje. Ukishafika pagumu, jaza. Kompresa ya kufunga kwenye betri ni bei ndogo ukilinganisha na seti ya matairi na rimu mpya, na kwa mtu aliyeniuliza aanze na kipi, ningemtuma kununua hiyo pamoja na geji inayosema kweli.

Kama ukishaamua kubadilisha upana, badilisha yote, pamoja na spea. Gari la fowili ya kuingiza kwa mkono lenye matairi ya kimo tofauti mbele na nyuma hujibana lenyewe kwenye gia ya kugawa nguvu kila unapoingiza fowili juu ya ardhi ngumu. Spea ya zamani iliyoachwa mlangoni baada ya yale manne kubadilishwa itakutoa porini siku ya pancha, lakini ikifungwa hapo, toa fowili mara tu ufikapo pagumu.